Kwa Mama, Daktari Mabel Likwata, Uliyesoma Seli Bila Kuangalia Jina

Mwaka umetimia, Mama, tangu moyo wako uchoke na kusimama Jumapili ile, mabibo yalipoanza kudondoka. Bado tunaambizana tusipige kelele kwa sababu Mama anasoma slaidi, vile vioo vyake vya darubini.

Ulipostaafu kazi ya patholojia mjini ulirudi Masasi, ukafungua maabara ya vyumba viwili, ukapokea kila uvimbe uliokatwa, wa mtu na wa mnyama. Mwalimu mmoja wa Lulindi alipolalamika kwamba kinyama chake cha kupimwa kimetanguliwa na cha ng'ombe wa Chidya, ulimjibu kwa upole kwamba ng'ombe kawahi.

Sultani, mfugaji wa Tandahimba, alikuletea uvimbe wa mbwa wake ameukandika chumvi usioze.

"Shikamoo, Mama Huruma. Nimekuletea mzigo."

"Marahaba, mwanangu. Huu umeshakuwa kitoweo. Mimi nitasoma nini hapa?"

Ukacheka hadi ukatoa miwani, kisha ukampa kichupa chenye dawa ya kuzuia kuoza kwa ajili ya safari nyingine. Tangu hapo kila bwana mifugo wa huku kwetu alikuwa na vichupa vyako.

Uvimbe uliokusumbua kuliko wote ulikuwa ule wenye seli ndefu, nyembamba, zilizochongoka huku na huku. Ulituambia zinafanana kama watoto wa shule waliovaa sare, zikiwa za mbwa au za binadamu, za saratani au zisizo na madhara. Kwa hiyo hukuanza na darubini. Ulianza kwa kuuliza: umekaa wapi, una muda gani, unauma? Waliokuja bila majibu uliwarudisha, hata kama wametoka Newala. Ulikuwa mbishi, Mama, na tulikuonea fahari.

Miaka sita iliyopita uvimbe huo ulikuja nyumbani. Dorika, kitinda mimba wako, fundi cherehani Newala, aliotwa na kitu kwenye mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Ndani ya wiki tatu kikafika ukubwa wa ndimu. Hospitali moja ikasoma kinyama ikasema ni saratani, mkono ukatwe. Dorika alishaweka sahihi.

Ulikwenda mwenyewe kuomba slaidi. Ulipozisoma ukasema si saratani, ni uvimbe unaokua kwa pupa kisha unanywea wenyewe. Baba akakuuliza, "Mama Huruma, unasema kama daktari au kama mama?"

Ukakiri kwamba hujui. "Nikikosea," ulisema, "nitamzika mwanangu na mkono wake."

Ukaomba hospitali isogeze tarehe wiki mbili. Ukamwita Fortunatus, msaidizi wako wa maabara, ukamwambia atafute slaidi zote zenye seli za namna ile, za watu, mbwa na mbuzi, aziweke na ya Dorika, abandike plasta juu ya majina, azichanganye, akupe moja moja. Ulizisoma siku tatu, na kila siku alizichanganya upya. Siku zote tatu ile ya Dorika uliiweka upande wa zisizo saratani. Bado hukuridhika. Ukaituma kwa bingwa mwenzako Dar es Salaam bila kumwambia ni ya nani, naye akajibu kama wewe.

Mkono haukukatwa. Baada ya miezi miwili uvimbe ulikuwa umenywea, na Dorika akarudi kwenye cherehani.

Hukumsema vibaya daktari yule wa kwanza. Ulimwandikia barua ya heshima, ukamweleza kwamba seli hizo zimewadanganya wengi, na wewe pia ziliwahi kukudanganya ulipoanza kazi. Sisi tulikuwa na hasira. Wewe ulitaka tu asikosee kwa mwingine.

Tunakupenda, Mama, na tunajivunia kuitwa wanao.

Unakumbukwa na mumeo Arthur Likwata, wanao Huruma, Gift na Dorika, mkweo Eliakimu, wajukuu zako, Fortunatus na wote wa maabara, waumini wenzako wa Masasi, na wafugaji wa Newala, Chidya na Tandahimba.

Hutatutoka moyoni. Gauni tulilokuzika nalo alilishona Dorika, kwa mikono yake yote miwili.