Barabara Inapita Juu ya Kaburi la Édouard

Goma, kartie Katoyi
Tarehe 4 Septemba 2012

Shemeji Kasereka, Achille ameandika kwa mukono wake, mbele ya kartie yote, kwamba kaburi la baba yake si kaburi! Mashini ya barabara itapita pale pale. Najua umekwisha kusikia na umekwisha kukasirika. Sasa sikia na kwangu mimi niliyemuzaa.

Mupendwa shemeji, kwanza salamu. Huko Kampala munaamkaje? Mugongo wako umepoa? Na mama Rémy, ile sukari yake imeshuka? Sisi tuko wazima, Mungu ashukuriwe, ingawa vita vimetukaribia tena. Watu wa Rutshuru na Kibumba wamejaa Kanyaruchinya, mvua inawanyeshea ndani ya vile vihema vya plastiki. Jikoni kwangu analala mama mumoja, Nyirarukundo, na watoto wake. Hajui bwana yake yuko wapi. Mimi simuulizi.

Nikuambie kazi ya mutoto wangu, kwa sababu wewe ndiye uliyesema India ni ya wagonjwa. Unakumbuka? "Kanyere, mutu anaenda India kama figo zimekufa, haendi kusoma." Leo figo za Achille ni nzima na kichwa chake kimejaa. Kule Pune alisoma namna miji yao inavyojengewa barabara na maji. Leta, ndiyo serikali, analeta udongo, kampuni inaleta mali na mashini, wanaandika kontra. Barabara ikiisha, kampuni inalipisha magari kwa miaka waliyopatana, kisha inamurudishia Leta barabara yake. Ni kama ndoa, lakini siku ya kuachana imeandikwa tangu siku ya harusi. Sasa na sisi Goma tumeoleka hivyo. Barabara inatoka hapa Katoyi mpaka Himbi, na Achille ndiye anayepita parseli kwa parseli, kiwanja kwa kiwanja, kuandika nani anaguswa na atapewa nini. Ana ofisi Himbi, shemeji. Yenye pazia.

Kontra inasema hivi: kaburi lenye mifupa, kampuni inatoa sanduku, inaleta padri, inatoa nafasi mpya makaburini na kitu cha kufariji familia. Lo! Wafu wa Katoyi walizaliana kama sungura. Jirani yetu mama Kaswera alisimamisha misalaba miwili nyuma ya choo. Mumoja uliandikwa jina la shangazi yake, na siku ya komisyo ya kuhesabu makaburi shangazi mwenyewe akapita kwenye avenue na beseni ya majani ya sombe kichwani. Achille akamuambia, "Mama, pole na safari. Umefufuka lini?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tangu siku ile ikawa sheria: familia inasema mbele ya wote ni nani analala pale, na anayebisha, kaburi linafunguliwa.

Kisha wakafika kwetu. Sementi yangu nimeisugua, maua nimeyamwagilia. Mutu wa kampuni akauliza, "Hapa analala nani?" Nilikuwa nimefungua kinywa. Achille akanitangulia.

"Hakuna mutu," akasema. "Ni mugomba."

Na akaandika.

Wewe unajua alisema kweli, shemeji. Tulikimbia mwaka wa 1996, bwana yangu Édouard akabaki kwenye barabara ya Sake, hatukumuona tena, wala mwili. Mwaka ulipopita wazee wakasema kilio hakiwezi kubaki kinaning'inia. Wewe mwenyewe ulikata mugomba, mimi nikatoa shati lake la harusi, ukauvalisha mugomba ule shati mpaka vifungo vya shingoni, tukaulilia, tukauzika kama mutu. Hivyo ndivyo tunavyowazika wale ambao vita havikuwarudisha. Tangu siku ile nafagia pale kila asubuhi.

Mama Kaswera alipiga vigelegele. "Kumbe! Bwana mukubwa wa barabara ni mwana wa ndizi! Kanyere, uliolewa na mugomba!" Mpaka leo watoto wa avenue wakimuona Achille wanaimba, mwana wa ndizi, mwana wa ndizi, utaiva lini? Na mimi, shemeji, nilimupiga kofi. Mbele ya watu wa kampuni wenye kofia zao za njano. Hakuinua mukono. Akasema tu, "Mama, piga tena. Lakini misalaba ya mama Kaswera niliikataa kwa sheria hii hii."

Nilimufungia mulango. Alikuja na samaki, nikamupa paka. Wivine, dada yake, alikuja kumuombea, nikamuambia aende akalale kwa ndugu yake mwenye sheria.

Unajua ni nani aliyenifungua macho? Mama Kaswera. Alikuja na sauti ya asali, akakaa kwenye kiti changu. Akasema, "Dada, muite mutoto arudilie karatasi. Aandike mifupa kwako, aandike na kwangu, kisha wote tunanyamaza." Hapo nikaona. Angeandika uongo mumoja tu kwa ajili ya baba yake, mwanamuke huyu angemushika koo tangu Katoyi mpaka Himbi, na nyuma yake wengine. Nilimutoa kwa ufagio. Hata kiatu chake kimoja kilibaki, nimekitupa kwenye shimo la takataka.

Tangu siku ile kichwa changu kiko juu. Kanisani nakaa benchi ya mbele. Ni mama gani wa Goma amezaa mutoto ambaye hakupindisha barabara hata kwa baba yake? Waniletee mumoja nimuone.

Sasa niingie kwako, na usitupe barua. Ulimupigia Wivine simu ukamuambia Achille asitumie tena jina la ndugu yako, kwamba mutoto anayekana kaburi la baba hana ukoo. Shemeji, ukoo gani? Siku ile ya Sake ni nani aliyekuwa anaendesha pickup? Édouard alishuka kumutafuta baba yenu aliyekuwa anatembea nyuma na fimbo yake. Alikuambia, "Ningoje." Hukumungoja. Sijawahi kukuambia neno hili, na sitakuambia tena. Watoto wangu walikuwa nyuma kwenye gari, Achille kati yao, na kama ungengoja labda leo ningekuwa nafagia makaburi mengi. Nakushukuru kwa hiyo. Lakini uliacha mutu barabarani, ukaniletea mugomba, nikaupokea kwa heshima na sikulalamika. Mutoto ametaja kile ulichokibeba begani mwako mwenyewe. Kinachokuuma ni nini?

Kampuni haitatupatia kitu, sheria ni sheria. Achille amepata nafasi makaburini kwa jasho lake. Tutachimba, tutatoa kitakachopatikana, vifungo, udongo, tutakifunga ndani ya kitambaa cheupe na kukizika. Butembo kwa wazee wake hatuwezi kumupeleka, barabara ya Rutshuru iko mikononi mwa waasi, amekosa kwao mara mbili.

Na unajua kwetu. Kaburi halifunguliwi mpaka ndugu ya marehemu apige jembe la kwanza. Édouard hana ndugu mwingine, umebaki wewe na mugongo wako. Achille anasema usipokuja atapiga mwenyewe, na nimekwisha kuona anachokisema anakifanya. Siku hiyo watasema kweli hana baba wala wa kumusimamia, na hakuna nyumba ya Wanande wenzetu itakayomukalisha akiomba muke. Ukija ukapiga jembe moja, jina amerudishiwa, na mama Kaswera atameza ulimi wake. Usipokuja, basi ndugu ya Édouard ni mashini ya kampuni. Itapiga jembe la kwanza na la mwisho.

Usipitie Bunagana, waasi wako pale. Pitia Gatuna, uteremke mpaka Gisenyi, Wivine atakungoja mupakani. Nimekufugia jogoo, yule mwekundu anayepiga watoto. Kitanda chako nimekitandika chumba cha Achille, mulale pamoja, muongee kama watu wa nyumba moja.

Musalimie mama Rémy, umuambie kikapu chake nimemaliza kukisuka. Rémy na wadogo wake wote, uwabusu. Kama kuna Wanande wengine wa Lubero huko wanaomukumbuka Édouard, uje nao. Wivine anakusalimia. Achille anakusalimia pia, sikumulazimisha. Mungu akulinde njiani, aupe mugongo wako nguvu ya jembe moja, na atusamehe sote tulichokiacha nyuma.

Mashini inakuja Jumatatu tarehe 1 Oktoba. Sisi wote, wewe na watoto wako wote, tuko kwenye parseli Jumamosi tarehe 29 Septemba, asubuhi.

Ni mimi shemeji yako, nakupenda hata ninapokuchoma,
Kanyere, mama Achille