Magoti ya Dadilahy Tombo

Jumanne, Mahajanga. Mvua tangu alfajiri, na feni ya ofisi imekufa.

Wewe uliyefika hapa, nakuomba sana: usimsimulie mtu hata neno moja la haya. Usimtumie rafiki, usiyasome kwa sauti. Blogu hii haina jina langu. Naandika Kiswahili, nilichokisoma nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, kwa sababu ofisini kwetu watu wanajua Kimalagasi na Kifaransa tu. Nyumbani tunasema Kikomoro. Mama akikutana na maandishi haya ataelewa nusu, na nusu hiyo inatosha kuniogopesha.

Mimi ni karani wa utafiti. Naenda vijijini na madodoso, nauliza, naandika, kisha narudi Mahajanga kuingiza majibu kwenye kompyuta. Tunataka kujua jambo moja: mwalimu akiwaongoza watu kutumia teknolojia, je, wakulima wa kijiji chake wanaishi vizuri zaidi?

Swali moja ndilo linalobeba yote. Tunamwonyesha mkulima picha ya ngazi yenye vidato kumi. Cha juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote, cha chini ni maisha mabaya kuliko yote. Tunamuuliza amesimama wapi.

Kila mtu aulizwe akiwa peke yake. Chini ya dodoso kuna mstari unaosema hivyo, na karani anatia saini.

Miezi michache iliyopita nilipelekwa kisiwani Nosy Be, kwenye kijiji cha wakulima wa langilangi na vanila, mbali kidogo na mji wa Andoany. Mwalimu wa pale anaitwa Soa. Mradi ulimpa vishikwambi vinne na paneli ya sola, naye hakuvifungia kabatini. Aliwafundisha wakulima kupiga picha za majani ya vanila yaliyougua na kumtumia bwana shamba mjini, wakajua mche gani wa kung'oa na upi wa kuuacha. Nilimwona mama mmoja akifanya hivyo huku mtoto amemlalia mgongoni, bila kumuuliza mtu.

Siku ya mahojiano mvua ilinyesha kama leo. Watu wote walijibanza barazani kwa Dadilahy Tombo, yaani Babu Tombo, mkubwa wa kijiji. Ningefanyaje? Huwezi kuingia kwa watu ukaanza kuwahoji vijana huku mkubwa wao amekaa anakutazama. Nimelelewa. Nilianza na yeye, palepale, mbele ya wote.

Aliitazama ile ngazi kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, cha kumi utapanda wewe. Magoti haya yakinifikisha cha tatu, nashukuru."

Watu wakacheka. Nikaandika tatu.

Akafuata mpwa wake, mwenye vanila nyingi kuliko wote pale. Mkewe akamchokoza, "Haya, panda basi, si kila siku unajisifu?" Naye akamjibu, "Nimkanyage mjomba kichwani? Andika mbili." Waliobaki wakasema mbili, moja, mbili, mbili. Ningependa kusema niliwaonea huruma. Kwa kweli sikuwaza chochote, nilikuwa nawahi gari.

Nikiwa njiani, mwanamke mmoja anayeitwa Zaina alinikimbilia na kipande cha nailoni kichwani. "Kaka, ile mbili yangu ilikuwa ya adabu. Mimi niko kidato cha nane tangu vanila yangu ipone. Ila usimwambie Dadilahy."

Nilicheka, nikamshukuru. Madodoso yalikuwa mfukoni, yamefungwa yasilowe, yote yana saini yangu.

Sikuyafungua.

Leo asubuhi mratibu wetu alituita kusikia matokeo. Kijiji cha Mwalimu Soa kimekuwa cha mwisho. Mratibu alisema vifaa vimewafikia watu na maisha hayakubadilika, kwa hiyo vishikwambi na sola vitahamishiwa kwingine, na Soa ataondolewa kwenye mradi. Kisha akanigeukia.

"Kila mkulima ulimhoji peke yake?"

"Ndiyo, Madamu."

Basi nimedanganya kwa kalamu na sasa kwa mdomo. Mwenzetu mmoja aliachishwa kazi kwa dodoso moja alilolijaza akiwa hotelini. Mimi nina kijiji kizima.

Kinachonitesa zaidi ni kwamba nilisomea mambo haya. Chuoni tulifundishwa kwamba jibu la kwanza likisikiwa na wote, yanayofuata huliegemea. Katika mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri sana.

Mchana mwalimu alipiga simu. Ameshaambiwa. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Zandry," akasema. Ndivyo anavyoniita, yaani mdogo wangu. "Tulikosea wapi? Niambie tu, nirekebishe. Wakulima wananiuliza wamefanya nini."

Nikamwambia sijui.

Kisha akauliza kama mtaani kwetu Ampisikina maji ya mvua hayajaingia nyumbani.

Nimeanza barua kwa mratibu mara tatu na nimeifuta mara tatu. Nimefikiria kujifanya mgonjwa nikakae kwa shangazi, kule kijijini Boanamary, mpaka yapite. Hayatapita. Nimepangiwa mimi kwenda kuvichukua vile vifaa, kwa sababu najua njia. Nitafika, Dadilahy Tombo atanisogezea mkeka, atanitania tena kuhusu magoti yake, na mimi nitatoa karatasi nyingine ya kutia saini.

Ningeandika hapa kwamba kesho nitasema ukweli. Najijua. Kesho nitaamka nioge, nivae shati safi, nikae mbele ya kompyuta na kuitikia "ndiyo, Madamu".

Kwa hiyo, kama wewe unayesoma uko Nosy Be, nipate hivi. Jumamosi asubuhi simama gatini Andoany, boti za kutoka bara zinapotia nanga. Nitakuwa na koti la mvua la kijani na sanduku kubwa tupu. Usiniite kwa jina, wala usiitaje blogu hii. Niulize tu nimesimama kidato cha ngapi, nami nitakujibu kweli. Halafu usiniache nipande gari peke yangu. Twende wote mpaka barazani kwa Dadilahy, mwalimu aitwe, Zaina aitwe, ukae karibu yangu, uanze wewe kusema ukweli.

Mimi nitafuata.