Mwaitu, Nimechagua Swichi Nzito

Mwaitu mpendwa, mama yangu,

Najua ungekuwepo ungeniuliza kwanza kama nimekula. Nimekula. Kyalo amepika muthokoi leo, mahindi ya kukoboa na maharagwe, ameuchemsha tangu asubuhi, na amejisifu mpaka majirani wamechoka naye. Sasa nimekaa mezani hapa kwetu Emali, malori ya Mombasa yananguruma barabarani kama kawaida, nami nakuandikia kwa kibodi mpya. Ina kelele hiyo! Kila herufi inalia tak. Mume wangu huyo amejifungia chumbani ili asikie mpira wake kwa amani.

Naandika waziwazi, na wengine wasome, kwa sababu nina deni la maneno kwako. Siku ya mazishi yako nilisimama nikasoma historia ya maisha yako, na kuhusu kazi yako nikasema tu kwamba ulikuwa mpiga taipu mjini Mwingi kwa miaka mingi. Kisha nikafungua ukurasa mwingine. Sentensi moja, Mwaitu! Leo ile sentensi inanitia aibu.

Tatizo langu lilianza na vidole. Tangu mwaka jana ncha zake zimekufa ganzi, mkono huu na huu. Daktari alisema kuna mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono, akanipa vitu vigumu vya kuvalia mikononi nikilala, akaniambia nipunguze kugongagonga. Nipunguze vipi? Kazi yangu ni kugonga. Natumiwa rekodi za watu wakizungumza Kikamba na Kiswahili, wazee wakieleza mipaka ya mashamba yao, akina mama wakisimulia miaka ya ukame, nami nasikiliza na kuandika neno kwa neno. Bila vidole, sina kazi.

Kibodi yangu ya zamani ilikuwa nyepesi na kimya, ile ambayo kila mtu husifu. Lakini kidole chenye ganzi ukikilaza juu ya herufi, hakijui kama kimebonyeza au kimepumzika. Nilikuwa naandika Mutua, inatoka Mutuaaa. Naandika Kilonzo, herufi moja inatoroka katikati. Kwa sababu sikuhisi kitu, nikawa natwanga kwa nguvu zaidi, na ganzi ikapanda. Msimamizi wangu alirudisha faili ya kwanza, akarudisha ya pili, na ya tatu ikaja na ujumbe: "Nduku, majina ndiyo kazi yenyewe. Ikirudi tena itabidi nimpe mtu mwingine." Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Nililia jikoni nikasingizia vitunguu.

Kyalo ndiye aliyetoa wazo. Unamjua, kila ugonjwa kwake una dawa kwenye game. Uliwahi kutukuta tukishindana kwa magari ya kwenye kompyuta, ukamwita mtoto mwenye ndevu, na hadi leo analitumia jina hilo kwa fahari. Aliniambia, "Si uende kwa Mwende? Yeye hutengenezea ma-gamer kibodi. Kila mtu na swichi yake."

Mwende ni fundi wa kompyuta, duka lake liko karibu na stesheni ya reli. Aliniwekea mezani kibao kidogo chenye vitufe tisa, kila kimoja na swichi ya aina yake chini. Akanieleza kwamba kwenye kibodi hizi kila herufi ina swichi yake peke yake, na ndani ya swichi kuna springi. Kuna zinazoteremka kimya bila kukwama, kuna zenye kikwazo kidogo katikati, na kuna zenye kikwazo na mlio pamoja. Kisha kila aina ina nyepesi na nzito, hata gramu zake zinajulikana. Nilishangaa kwamba kuna watu duniani wamekaa chini wakapima uzito wa kubonyeza herufi moja.

"Madam, wengi wanapenda hizi light," Mwende alisema. "Unagusa tu, imeandika."

"Hiyo ndiyo shida yangu. Zinaandika kabla sijaamua."

"Basi jaribu hii ya mwisho. Lakini nakuambia mapema, hii ni heavy sana, na iko na kelele. Wanaume wakinunua hii, bibi zao huwatuma wairudishe."

"Leo anayenunua ni bibi," nikamwambia, na Kyalo akakohoa.

Niliweka kidole juu yake, kitufe hakikushuka. Nikasukuma. Katikati kikanipinga, nikausikia upinzani ule ukipita ncha iliyokufa ganzi na kunifikia kwenye kiungo cha pili cha kidole, mahali ambapo bado mimi ni mzima, halafu kikaachia, tak. Nikafumba macho nikabonyeza tena. Tak. Nilijua herufi imeingia bila kuiona na bila kuigusa vizuri. Mwili wote ulinisisimka pale dukani, Mwaitu, kwa maana nilikuwa nimeisikia sauti ile kabla sijajua kusoma.

"Nduku, ni nini?" Kyalo akauliza.

"Hii ni mashine ya mama," nikasema, nikaibonyeza tena.

Nilikiona chumba chako cha Mwingi, kile kilichopakana na duka la dawa za mifugo, na taipureta yako nyeusi juu ya meza uliyoitia vigingi miguuni ili isitembee. Palikuwa na foleni pale. Wachungaji walileta barua za kanisa, wafanyabiashara Waislamu wa kule karibu na msikiti walileta za kwao, familia zilizofiwa zilileta historia za marehemu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari. Wewe uliwasikiliza wote, ukapanga karatasi nne na kaboni tatu za kunakilia katikati yake, ukaziingiza kwenye mashine, ukaanza. Hukuitazama mikono yako hata mara moja. Mimi ndiye niliyeitazama.

Na ninaikumbuka siku niliyojiona naweza. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa umeenda mkutano wa akina mama kanisani, ukaniambia wateja wakija wangoje. Wakaja watu wa Tseikuru, mzee aliyekuwa anauza kipande cha shamba, shahidi wake, na mama mjane aliyekuwa ananunua, jina lake Kasyoka. Walikuwa na haraka, lori la mifugo lililowaleta lilikuwa karibu kurudi. Nikawaambia hakuna haja ya kungoja. Nikatoa kaboni mpya kwenye boksi, nikapanga karatasi kama wewe, nikayaandika makubaliano yao kwa vidole vyepesi, upesi upesi, nikidhani nakushinda. Wakatia sahihi na dole gumba. Muuzaji akachukua nakala ya juu, shahidi ya pili, ya tatu ikawekwa ya chifu. Kasyoka alikuwa mpole, hakuomba, akapewa ya chini kabisa.

Uliporudi nilikusimulia kwa majivuno. Ulichukua ile kaboni ya mwisho, ukaiinua dirishani kwenye mwanga. Kaboni mpya ikigongwa huacha herufi zikionekana kama vitobo vya mwanga. Ile ilikuwa nyeusi karibu yote.

"Ya chini amepewa nani?" ukaniuliza.

"Yule mama."

Ukakaa kwenye kiti chako bila kuvua hata kitambaa cha kichwa. "Ya juu ni ya macho tu, mwaitu," ukasema. "Ya chini ndiyo ya kesi." Uliniita mwaitu kila siku, kwa kuwa nimerithi jina la mama yako, lakini siku ile neno hilo lilinichoma. Ingekuwa afadhali ungenichapa.

Asubuhi yake uliifunga taipureta kwa leso yako ya kujitanda, tukapanda lori la mifugo lililokuwa linarudi tupu, wewe mbele na ule mzigo mapajani kama mtoto mgonjwa. Tulipofika Tseikuru tukawatafuta wote mpaka wakapatikana. Karatasi ya Kasyoka ilitolewa kutoka kwenye kibweta, ikafunguliwa. Sahihi zilikuwepo, zile ziliandikwa kwa kalamu. Maneno ya shamba yalikuwa kivuli, na mahali pa jina lake hapakuwa na kitu.

"Si tulimaliza jana?" yule mzee aliyeuza akanung'unika.

"Hatujamaliza, mzee," ukamjibu. "Karatasi ya huyu mama haimjui."

Uliweka mashine juu ya kaunta ya duka ukaandika upya. Mashine iliruka, mwenye duka akaishika kwa mikono miwili. Ulipiga kila herufi kutoka begani, ukitamka kila jina kabla ya kuliandika, na watu waliokuja kununua sukari wakasimama kusikiliza. Kasyoka hakujua kusoma. Ulimpa tena ya chini, akaigeuza, akapitisha dole gumba nyuma yake polepole, mstari kwa mstari, pale herufi zilipokuwa zimesukuma karatasi ikavimba. "Nazisikia," akasema. "Zote ziko." Shamba lile bado ni lao, wajukuu zake hupanda ndengu.

Basi nilimwambia Mwende anitengenezee kibodi nzima kwa zile swichi nzito. Akasema ni gramu themanini hivi kila moja, na hana nyingine inayozidi hapo. Nikamuuliza je, taipureta ya zamani, yenye karatasi nne na kaboni tatu, ingekuwa gramu ngapi? Akacheka. "Hiyo haipimwi na gramu, madam. Hiyo unaipima na mtu."

Wiki ya kwanza nilijuta. Mikono iliuma mpaka kwenye viwiko, na kwenye magari ya kompyuta Kyalo alinishinda kila jioni, kwa sababu wakati mimi bado nasukuma kitufe yeye alishapita kona. "Hizo springi zitakumaliza," akaniambia, akiwa na furaha isiyofichika. Nikampigia Mwende simu kumlalamikia. Akaniuliza kama nabonyeza mpaka chini. Nikasema ndiyo, nimelelewa hivyo. "Wacha," akasema. "Ukisikia tak, achilia. Imeshaandika. Chini hakuna mtu anakungoja."

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Kwangu mimi ni kweli, chini hakuna mtu. Kwako alikuwepo Kasyoka, na wengine wangapi sijui, kila herufi, kila siku, karatasi tatu chini ya ile uliyoiona.

Nikajifunza kusikiliza. Kidole kinasukuma, sikio linapokea, kidole kinaachia. Maumivu yakapungua. Faili iliyofuata ilikuwa ya mzee aliyetaja ukoo wake wote, majina arobaini na ushee, na mengine akiyarudia kwa kukohoa. Niliandika asubuhi nzima bila kutazama mikono. Niliposikia mlio mmoja umepungua ndani ya jina nilirudi, na kweli herufi haikuwepo. Nilituma nikakaa na simu mkononi nikiomba. Msimamizi akajibu siku hiyo hiyo: "Safi kabisa. Natuma nyingine." Nilimpigia Kyalo kelele mpaka akadhani nimeng'atwa na kitu.

Nilidhani barua yangu kwako ingeishia hapo, ya kukushukuru. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa navaa gauni la kanisani, lenye vifungo vidogo kifuani, nikashindwa kuvifunga. Nilivitazama nikiviona vizuri, vidole vikapita kando. Nikamwita Kyalo aje anifunge. Akavikosea, kimoja kikaruka tundu lake, akaanza upya huku akinitania, na papo hapo nikakukumbuka wewe.

Kila Jumapili asubuhi, Mwaitu, tangu nikiwa mdogo mpaka nilipoolewa, uliniita chumbani kwako. "Njoo unifunge vifungo. Wewe una macho mazuri." Macho yako yalikuwa mazuri kuliko yangu. Uliniona nikitafuna peremende kanisani kutoka benchi la mbele. Na radio hukuruhusu iwashwe ukiwa kazini hata kwa nyimbo za injili, ukisema unasikiliza kazi. Mimi nikadhani ni ukali tu. Ulikuwa unasikiliza kweli. Vidole vyako vilikuwa vimekufa ganzi, ukawa unaandika kwa masikio, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuuliza, wala mimi niliyekuwa nikikufunga vifungo.

Naogopa ukubwa wako. Nimekaa mbele ya kibodi yenye springi zilizopimwa, na daktari, na fundi, na mume anayecheka, na bado nililia jikoni. Wewe ulikuwa na leso na lori la mifugo.

Yule daktari, siku ya kwanza, aliniuliza swali akiwa na kalamu juu ya fomu: kuna mtu mwingine kwenye familia aliyewahi kuwa na tatizo hili la mikono? Nilijibu haraka kwamba hakuna. Akaandika hakuna. Jumatano narudi kwake. Nitamwambia alifute neno hilo, nimtajie jina lako lote, na nitasimama pale mezani kwake nimtazame mpaka aliandike herufi kwa herufi: Syombua.

Pumzisha mikono, Mwaitu.

Ni mimi bintiyo,
Nduku