Tangi Limejaa Ubani

Bibi, shikamoo. Nimerudi kutoka zamu ya kazi mjini Sur asubuhi hii, nimekukuta umelala. Nimetoka kidogo kununua gundi. Gari la maji linakuja kabla ya adhuhuri. Mfungulie dereva mlango wa nje tu. Juu ya paa kwenye tangi usipande, na magoti hayo!

Nimefungua bomba, halikutoa hata tone. Simu yangu inasema tangi limejaa. Nikastaajabu. Kile kidude cha betri nilichokitengeneza na kukifunga chini ya kifuniko hupiga sauti tusiyoisikia. Ikigonga maji ikarudi, kinajua maji yako wapi. Nikapanda kutazama. Tangi kavu! Na chini ya kidude kinaning'inia kifuko chako cha ubani. Sauti inagonga ubani, inarudi, masikini kinadhani ni maji.

Lakini Bibi, ubani wa kunukiza maji ya tangi zima? Mtungi wa kunywea hautoshi?

~~Usitundike tena kitu humo.~~

Basi, tundika. Kidude nitakihamishia pembeni kwa hiyo gundi. Nataka kujua kama tangi zima litanukia kweli.

Kilichoniuma ni zile chupa tupu za maji ya dukani nilizozikuta chooni. Umetia udhu kwa maji hayo, ukanyamaza! Na jana nilikuuliza kwa simu, "Bibi, maji yapo?" Ukanijibu, "Kidude chako kinasemaje?" Nikasema, "Limejaa." Ukasema, "Basi yapo, mwanangu."

Wallahi, siku nyengine amini bomba, usiniamini mimi.

Mjukuu wako,
Mazoon