Kuota Huku Najua Naota

Jumatatu, 3 Machi

Uji, usafi, mstari. Nimefagia korido peke yangu. Mwenzangu wa zamu amegoma kuamka, anasema hakulala kwa kelele zangu.

Nimepiga kelele tena. Mara ya tatu tangu Jumatano. Bweni zima limeamka. Paskalina, anayelala kitanda cha chini ya changu, anasema safari hii nimelia kama mbuzi aliyekanyagwa. Paskalina ni wa Qurus, jirani tu na shule yetu hapa Karatu, na kwake kila kitu ni utani. Mimi sikucheka.

Ndoto ni ile ile. Niko nyumbani Nainokanoka, nachunga ndama, ukungu umeshuka. Fisi anatokea kwenye ukungu. Miguu yangu haitoki. Ndivyo ilivyokuwa kweli mwezi wa kumi na mbili, ila ile ya kweli ilikwisha haraka. Aliliwa Narok. Ndama jike, mweusi mwili mzima, miezi miwili. Mimi ndiye niliyekuwa naye.

Jumanne, 4 Machi

Matroni ameniita ofisini kwake. Hakuwa mkali, ndiyo maana imeniuma. Amesema dada wa kidato cha nne wana mitihani, wanahitaji usingizi.

"Mwanangu, nakupa mpaka tufunge shule mwisho wa mwezi. Isipokoma, baba yako aje akuchukue. Upumzike nyumbani kwanza."

Kwanza. Nalijua neno hilo. Dada yangu alirudi nyumbani "kwanza" miaka minne iliyopita. Sasa ana watoto wawili.

Nataka kubaki. Naandika hapa kwa sababu sitaweza kumwambia mtu kwa sauti.

Alhamisi, 6 Machi

Maktaba. Nyuma ya atlasi nimekuta kijitabu kisicho na jalada, cha Kiingereza. Kinafundisha jinsi ya kuota huku unajua unaota. Wenzangu walikuwa kwenye michezo, mimi nimekisoma chote.

Kinasema hivi: mchana ujiulize mara nyingi, je, naota? Halafu uhesabu vidole. Ukizoea mchana utafanya hata usingizini, na huko vidole vitatoka sita, au saba. Hapo unajua. Na anayejua kuwa anaota hana sababu ya kuogopa.

Sijawahi kuamini kitu haraka namna hii. Nimeanza leo leo.

Jumatatu, 10 Machi

Kipindi cha Hisabati. Nilikuwa nahesabu vidole chini ya dawati. Mwalimu akaniona.

"Kidato cha tatu, tuko kwenye logarithimu, wewe bado uko kwenye vidole?"

Darasa likafa kwa kicheko. Jaribio lililopita nilipata themanini na nane. Hilo hakuna aliyelikumbuka. Aibu mpaka masikio yakawaka.

Nimeendelea kuhesabu. Ndani ya mfuko wa sweta.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepiga kelele. Kuna aliyenirushia kandambili.

Asubuhi, kabla sijashuka kitandani, nimeandika ndoto yote, kama kijitabu kinavyoagiza. Nikaliona kosa. Ndotoni mikono yangu haionekani. Nainokanoka ni baridi. Ukichunga asubuhi unajifunika shuka mpaka kidevuni, mikono iko ndani, na hakuna anayeitoa bila kazi. Aliyeandika kijitabu hajawahi kuchunga kule kwetu.

Siku nane nimehesabu vidole bure. Nimekasirika sana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewaza siku nzima. Ndotoni natazama nini? Ndama. Kila mara ndama.

Sisi hatuhesabu mifugo. Ni mwiko, mtu anayehesabu anaita hasara. Jioni baba husimama kwenye lango la boma, ng'ombe wanapita mbele yake, naye anatazama tu. Wakishaingia wote anasema, "Yule wa mabaka, mwenye pembe iliyovunjika, amebaki nyuma." Na kweli hayupo. Hatafuti idadi. Anazijua sura, na sura inayokosekana anaihisi kama jino lililong'oka. Amenifundisha tangu nina miaka sita.

Halafu nikakumbuka kitu nikaacha kula. Ndotoni Narok yupo kila mara. Yuko hai, anakula majani, mpaka fisi afike. Lakini Narok amekufa.

Kwa hiyo nikimwona Narok, naota. Sihitaji vidole.

Jumanne, 18 Machi

Mazoezi. Kijitabu kinataka kitu cha kufanya mchana kutwa, na hapa hakuna ng'ombe, basi nawatazama wenzangu. Foleni ya ugali. Mstarini. Mlangoni mwa bweni. Simhesabu mtu. Najiuliza tu: nani yupo, nani hapaswi kuwepo, je, naota?

Paskalina amenikamata mlangoni.

"We, unatuchunga?"

"Ndiyo."

"Basi mimi ni wa maziwa. Majani yangu yasikose."

Akaingia bwenini akilia kama ng'ombe, akagonga kila kitanda kwa kiuno. Nimecheka mpaka nimekaa chini. Halafu nikamweleza yote. Narok, kijitabu, neno la Matroni. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuyajua. Nilidhani atafanya utani. Akauliza tu kama ndama alikuwa na mama, na mama yake alifanyaje. Nikamwambia alilia siku tatu.

Alhamisi, 20 Machi

Matroni alikuwa anaita majina. Hajafika hata katikati ya daftari, nikasikia sauti inasema, "Rehema hayupo." Ilikuwa yangu. Mimi huwa sisemi mstarini.

"Umehesabu?"

"Hapana, Matroni. Nimeona."

Rehema amekutwa bafuni na daftari la Kemia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amekataa kunisalimia. Najua ni vibaya, lakini nimefurahi.

Jumapili, 23 Machi

Imetokea.

Ilikuwa usingizi wa mchana baada ya ibada. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikawa Nainokanoka. Ukungu, na ndama mbele yangu. Nikawatazama kama baba anavyotazama. Nanyokie mwekundu, yupo. Keri mwenye mistari, yupo. Narok, yupo.

Nikasimama hapo hapo. Narok hayupo tena duniani. Kwa hiyo naota.

Sijui nieleze vipi. Kila kitu kikawa wazi kuliko mchana. Niliona umande kwenye kila jani. Fisi akatokea upande ule ule. Miguu ilikuwa mizito vile vile, ila sasa nilijua sababu: miguu yangu iko Karatu, chini ya blanketi. Haikuwa lazima nikimbie. Nikakaa kwenye nyasi. Nikamwita Narok, akaja, nikamshika shingo, ilikuwa ya moto. Nikamwambia pole. Fisi alisimama akitutazama. Alikuwa fisi tu, hata manyoya yalikuwa yamelowa.

Nikaamka mwenyewe, taratibu. Paskalina alikuwa anashona kifungo cha shati.

"Umeongea," alisema. "Kimaasai. Polepole, kama mtu anabembeleza mtoto."

"Sikupiga kelele?"

"Ungepiga ningekuchoma na hii sindano."

Nimefanya mimi. Kijitabu kilinipa nusu, nusu nyingine nimeitoa kwetu. Najivunia. Naandika hivyo hivyo, hakuna atakayesoma.

Alhamisi, 27 Machi

Imerudi Jumanne, na jana tena. Mara zote mbili nimemtambua Narok. Jana nilichelewa, fisi alikuwa ameshamkaribia. Nikasema "naota," naye akaanza kufifia, kwanza miguu, halafu mgongo. Hakuna aliyeamka bwenini. Dada mmoja wa kidato cha nne ameniuliza kwenye foleni ya uji kama nimehamishwa bweni.

Kesho tunafunga. Matroni hajasema kitu. Nimemwona mara mbili leo na mara zote mbili nimegeuza njia.

Ijumaa, 28 Machi

Orodha ya vitanda vya baada ya likizo imebandikwa mlangoni. Mwandiko wa Matroni, ule uliolala. Kitanda cha saba, juu: jina langu. Chini: Paskalina.

Hakuniita. Alipita nyuma yangu nikiwa bado nasoma, akanigusa bega, akaenda zake na funguo zake.

Nimepanga tranka. Nimefua shuka la kitanda, limekauka nusu. Wanaohama shule hubeba godoro kichwani mpaka stendi, ndivyo unavyowajua. Paskalina amenikuta nalikunja langu, akashtuka.

"Unaenda nalo?"

Nimelifunga kamba, mafundo mawili. Nimelisukuma mpaka ukutani, juu ya kitanda changu, nikaandika jina kwa chaki.

Tukatoka na matranka tu.