Ulipunguza Mwendo Kabla ya Kona, Nilikusikia

Salim,

Wameandika kwamba ulikuwa na mwendo wa kasi. Wewe! Wewe uliyenifundisha pikipiki kwa kunizungusha kona ya soko la Gakoromone asubuhi nzima kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai, mpaka wauza ndizi wakaanza kunihesabia mizunguko kwa sauti. Nimeisoma ripoti kwa macho yangu. Ni fupi.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyokuwa nayo sisi wawili. Miaka yote uliyokaa Meru, Kimeru chako kiliishia kwenye salamu ya "Muga," na hata kuaga uliagia hilo hilo. Nikikosea maneno nivumilie. Ulizoea kunivumilia, ingawa ulikuwa ukicheka.

Nataka ujue yaliyotokea baada yako. Na nataka pia kukugombeza.

Safari ile ilikuwa yangu. Dawa za zahanati ya Kanyakine nilizipeleka mimi kutoka mjini kila Jumatano, na Jumatano ile nilikuwa nimekwama nyumbani, karibu kabisa na zahanati yenyewe, kwa sababu pasi yangu ilikuwa haijagongwa muhuri. Tangu Imajensi ianze, hii hali ya hatari ya serikali, sisi Wameru hatutoki lokesheni moja kwenda nyingine bila karatasi. Wewe hawakukusumbua sana. Ukanitumia neno: "Tulia, Kirimi, zamu yako nitaishika mimi." Na mvua ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, baada ya miezi ya vumbi. Ni wewe uliyenikataza kushindana na mvua kama hiyo. "Mvua ya kwanza inaipaka barabara sabuni," ulisema, "ya tatu ndiyo inaiosha." Basi kwa nini hukungoja hiyo ya tatu? Najua jibu lako. Kulikuwa na watoto wenye homa, na dawa zilikuwa zimekwisha. Najua, Salim. Bado nimekasirika.

Nilikuwa nikifunga mbuzi, jua bado liko juu, nilipoisikia pikipiki yako ikiteremka. Ulipunguza mafuta mapema. Ukashusha gia, halafu ukashusha tena, kama ulivyonifundisha: kazi yote ya breki ifanywe barabara ikiwa imenyooka, maana tairi lililoinama halina nguvu ya kufanya kazi mbili. Nikangoja kukusikia ukirudisha mafuta polepole kutoka ndani ya kona. Sikusikia kitu. Kisha wanawake wakapiga mayowe.

Nilikukuta chini ya ukingo. Ulinitazama. Tulikubeba kwa blanketi, ukatuacha kabla hatujafika kwenye mlango wa zahanati. Sanduku la dawa halikuvunjika hata chupa moja. Muuguzi alilifungua akilia, akaanza kuwagawia watoto.

Kulikuwa na muda kidogo kabla ya kafyu, nikarudi barabarani. Uliniambia matope huandika kila anachofanya dereva, basi nikayasoma. Alama yako iliingia kutoka upande wa nje, nyembamba, imenyooka, hakuna mburuzo wa breki ya mbele. Halafu katikati ya kona nikakuta udongo mwekundu mbichi, umetandazwa barabara karibu yote. Udongo huo ulitoka kwenye mtaro ambao wanawake walikuwa wakichimba siku ile, ile kazi ya lazima ya serikali. Hedimani wetu, msimamizi wa kijiji, aliamuru utupwe papo hapo, kwa sababu kuubeba hadi bondeni kungemchelewesha. Juu ya ule udongo hata tairi lililotoka dukani jana lisingeshika. Lako nililipapasa kwa vidole, meno yake yalikuwa mazima.

Upande wa ndani ulibaki ukanda wa ardhi ngumu, unaotosha pikipiki moja. Hapo ndipo walipokuwa wamesimama wanawake wanane na majembe yao, ukuta wa kilima nyuma yao, hawana pa kukimbilia. Ukawapigia kelele, kama walivyonisimulia baadaye, "Kaeni hapo hapo!" ukaichukua njia ya matope.

Asubuhi yake hedimani aliuondoa udongo wote. Ofisa wa serikali alipofika mchana alikuta barabara safi, akaandika alichoandika. Mchana huo huo ukazikwa mjini. Niliambiwa watu walijaa mpaka nje ya ukuta wa makaburi. Mimi sikuwapo. Nilikuwa nimesimama kwenye kizuizi, namsihi homgadi, askari wa ulinzi wa kijiji, ambaye nilisoma naye darasa moja, naye ananiambia, "Bila pasi, bwana, hata kama ni baba yako."

Niliporudi nikamfuata ofisa. Nikamweleza nilivyosikia gia zikishuka. Akauliza, "Wewe unaona kwa masikio?" Watu wake wakacheka. Nilipotaja udongo, hedimani aliniuliza nilikuwa nikitafuta nini barabarani saa zile bila karatasi. Pasi yangu ikacheleweshwa mwezi mzima kwa sababu ya swali hilo.

Nikaenda kwa Mama Kanini, aliyekuwa mbele ya wale wanane. Nikamwomba aseme. Akakataa. "Mwanangu, nina mabinti wawili katika boma hili, na funguo za lango anazo yule yule." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtu amekufa ili yeye aendelee kuogopa. Maneno hayo yananiwasha mpaka leo, maana yeye alivuta shuka lake tu akaingia ndani.

Pasi ilipotoka, kazi yako ya dawa nayo nikapewa mimi. Pikipiki ni ile ile, hendeli imenyooshwa lakini inavuta kushoto kidogo. Wiki mbili za kwanza kila nilipofika kwenye ile kona nilishuka nikaisukuma. Ndiyo, cheka.

Wiki ya tatu nilikuta mawe. Kokoto za mtoni, zimeshindiliwa vizuri kwenye kona nzima. Nikadhani ni serikali. Kumbe ni wao, wanawake wale, kila jioni wakitoka kazini walipitia mtoni, kila mmoja akabeba kiondo kimoja. Hakuna aliyewaamuru. Mama Kanini alikuwa akishindilia kwa mguu nilipofika. Nikazima pikipiki, nikamwomba radhi. Akasema, "Lete karatasi, lakini usije na kelele." Nikaandika alivyosema, neno kwa neno, akapaka kidole masizi akakigandamiza chini ya maneno yake. Wengine saba wakafuata.

Safari iliyofuata mjini niliipeleka karatasi kwa mkeo, Bi Zuhura. Alikuwa amekwisha kusomewa ripoti, na binti yako Maryam alikuwa ameambiwa shuleni kwamba babake aliuawa na majivuno. Niliwasomea karatasi, Maryam akiwa ameketi karibu yangu. Bi Zuhura hakuuliza habari ya ofisa wala ya hedimani. Aliuliza jambo moja tu: "Wale wanawake, walipona wote?" Nikamwambia wote. Akajifunika uso kwa leso akalia, na alipomaliza akamwambia Maryam amkandie mgeni unga wa chapati.

Ripoti haijabadilika. Sitakudanganya. Hedimani bado ananiangalia nikipita, nami bado sijui nitaipeleka karatasi kwa nani. Lakini ipo mahali ambapo mvua haifiki, na siku watakapoacha kutuuliza pasi nitaitoa. Wakinifukuza mlango mmoja nitabisha mwingine. Na Maryam ameniomba nimfundishe kuendesha pikipiki. Nimekubali.

Pumzika, rafiki yangu. Mola akulaze pasipo kutikisika.

Mimi wako,
Kirimi