Homa Niliyoisubiri

Kenema, Jumanne

Dada Jeneba,

Kisamvu chako kimefika. Nimekila peke yangu, mlango wa chumba cha karantini ukiwa umefungwa kwa nje. Leo ni siku ya tisa tangu sindano ya maabara itoboe glavu yangu.

Unaijua kazi yangu: kuchunguza protini ya kirusi cha homa ya Lassa, inayozinyamazisha seli zisiite askari wa mwili. Ndiyo maana ukimya wa mwili wangu, siku nane bila homa, ulinitisha.

Asubuhi hii homa imepanda, nami nikacheka.

"Una wazimu?" nesi Bockarie aliuliza nyuma ya kioo.

"Mwili wangu umeita askari, kaka!"

Hakucheka.

Binti yangu Massah usimlete tena dirishani. Tangu mchana nashindwa kusimama.

Mdogo wako,
Kadie